Dramu za Nini

Alexander alikuwa na mdomo mkubwa kuliko spika zake, na spika zenyewe aliazima kwa shemeji yake wa Buzuruga. Hebu niambieni, mtu kazaliwa Misungwi, kasoma Misungwi, kachapwa viboko vya kuchelewa namba hukohuko Misungwi, halafu akishika maikrofoni anajifanya mtoto wa Sinza, na Kisukuma kwake ni lugha ya kuswagia ng'ombe! Jina lake la jukwaani lilikuwa Prinsi Aleksi. Prinsi wa wapi, hakuna aliyewahi kumuuliza. Labda watu walimwonea huruma.

Wilhelmina hakumwonea huruma. Yeye alimdharau, tena dharau ya kila siku, ya kuamka nayo na kulala nayo. Mina, kama walivyomwita, alipiga gitaa la besi, na nyimbo karibu zote za bendi alizitunga yeye, kwenye chumba cha kupanga kule Mkolani. Miaka minne alisimama nyuma ya Aleksi akikitazama kisogo chake kilichochongwa kwa wembe, akijisemea moyoni: debe tupu. Hakumwambia hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kumcheka kimoyomoyo, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii kuliko hata besi.

Wa tatu wao alikuwa Mashimba, mpiga dramu, mtu asiye na haraka. Ukimsalimia, anafikiri kwanza. Baba yake alikuwa mpiga ngoma maarufu huko Magu, na Mashimba alikuwa na mtindo mmoja aliourithi kwake: kila wimbo ukikaribia kiitikio, alishusha kichwa, akavuta pumzi, akalichelewesha lile pigo kidogo, kidogo tu, ndipo akaliachia. Hapo ndipo kila mtu alipoingia. Mina hakuwahi kuhesabu mapigo maishani mwake. Alimsikiliza Mashimba akivuta pumzi, basi.

Bendi yao iliitwa Mafiga. Hawakuwa na kampuni wala bosi. Walijirekodi wenyewe, walijipeleka wenyewe, na walipoharibu, waliharibu wenyewe.

Sasa, kulikuwa na wimbo mmoja, "Mwaloni", ambao Mina aliutunga kwa ajili ya mama yake aliyemlea kwa kuanika na kuchambua dagaa huko mwaloni, zinakotia nanga boti za wavuvi. Miaka yote Aleksi ndiye aliyeuimba majukwaani, tena akijikunjakunja kama mwenye tumbo la kuendesha, yeye ambaye hata dagaa hali, eti wana macho. Mina alikuwa na haja moja tu duniani: wimbo ule urekodiwe kwa sauti yake mwenyewe. Mama yake alikuwa akimuuliza kila mara, "Huyo kijana anamlilia mama wa nani?"

Alhamisi, kabla hawajaanza ziara yao ya siku mbili, Aleksi alimvuta pembeni nje ya studio ya Iqbal, kule Mkuyuni, nyuma ya duka la vitenge.

"Jumatatu tunarekodi 'Mwaloni'," akasema. "Dramu tunaweka za kompyuta. Mashimba anamaliza siku nzima akifunga yale masufuria yake. Nimeshaongea na Iqbal."

"Mashimba anajua?"

"Atajua baadaye. Ila sikiliza, ukikubali, 'Mwaloni' utaimba wewe. Mwanzo mpaka mwisho."

Mina akamtazama. Akamdharau kuliko siku zote, akaona kabisa jinsi mtu anavyoweza kuwa takataka na bado akavaa miwani ya jua kwenye mawingu. Lakini "hapana" hakusema. Alisema mvua inakuja, waingie ndani.

Nyani haoni kundule, wazee walisema, na mimi sina la kuongeza.

Ijumaa walipiga Sengerema. Aleksi akapanda jukwaani, akatanua mikono, akapaza sauti: "Mambo vipi, Ukereweee!" Watu wakatazamana. Mlevi mmoja wa mbele akamjibu kwa upole, "Ukerewe iko majini huko, baba." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jamani! Msanii akisahau maneno ya wimbo atasamehewa, akianguka jukwaani ataokotwa, lakini kukosea mji wa watu waliokuja kukutazama! Mina aliinamia besi yake akiuma mdomo kwa furaha. Mashimba peke yake ndiye aliyeona aibu, akapiga dramu kwa nguvu ili kelele zipite.

Jumamosi wakaingia kijiji kimoja ndani ya Magu, ambako watu walikuwa na sherehe zao za baada ya mavuno. Huko ngoma ni mashindano. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, moja mwisho huu wa uwanja, jingine mwisho ule, na katikati huachwa wazi. Jaji hakuna. Watu wenyewe huhama kwa miguu yao kwenda kwenye upande uliowapendeza, na kundi litakalobaki peke yake limeshindwa, hata kama halikubali.

Mwaka huo kundi la pili lilikuwa limefiwa, halikuja. Kiongozi wa kundi lililobaki, Mzee Chenge, akawafuata walipokuwa wakishusha vyombo kwenye gari. Mashimba na Mina wakamwamkia. Aleksi alikuwa anajipiga picha.

"Marahaba, wanangu," mzee akasema. "Nyinyi ni wageni. Pigeni kwanza, mpumzike, sisi tutawafuata. Tusiwekane upande huu na upande ule."

"Kwa nini tusiwekane, mzee?" Aleksi akadakia. "Au unaogopa? Wekeni vyungu vyenu kule, sisi tukae huku. Tuna spika."

Mzee Chenge akazitazama spika. "Hizo hazina miguu, mwanangu," akasema.

Mashimba akashusha dramu yake chini. "Aleksi, tusishindane nao. Baba yangu alicheza kwenye uwanja huu, mimi nawajua. Tupige kwanza kama mzee alivyosema." Aleksi akacheka puani. Mashimba akamgeukia Mina. "Mina, sema basi. Nyimbo ni zako, wewe atakusikia."

Na ni kweli, angemsikia. Bila Mina, Aleksi alikuwa hana hata mstari mmoja wa kuimba, na alilijua hilo. Lakini Mina alikuwa na hamu. Alitaka kumwona Prinsi akinyonyolewa manyoya hadharani kama kuku wa Krismasi, na nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Akajitia kukaza nyuzi za besi. Mashimba akasubiri jibu, akasubiri, kisha akaenda kufunga dramu zake.

Wakaanza. Mwanzoni watu walijaa upande wao, kwa sababu spika zilikuwa na kelele na mtu husogelea kelele ajue kuna nini. Aleksi akavimba kichwa. Upande wa pili Mzee Chenge hakuwa na haraka. Wacheza ngoma wake walijipanga, wakajitikisa kidogo, wakanyamaza, wakaanza tena. Kwanza wakaondoka akina mama. Kisha vijana wenye simu wakaondoka wakirekodi, huku migongo imewaelekea Mafiga. Aleksi akaongeza sauti mpaka spika ya shemeji ikaanza kukoroma.

"Washamba nyie!" akapiga kelele kwenye maikrofoni. "Mnaacha muziki mnafuata vyungu?"

Loo! Waliobaki, waliokuwa wamebaki kwa adabu tu, nao wakaondoka. Upande wa Mafiga akasalia mlinzi wa jenereta, mbuzi wawili, na mzee mmoja aliyelala usingizi tangu asubuhi.

"Wametumia dawa!" Aleksi akasema, jasho likimtoka. "Hawa wana dawa ya kuvuta watu!"

Dawa gani, bwana wee. Dawa yao ilikuwa mazoezi.

Mina alikuwa na raha mpaka mabegani. Hata besi alikuwa anaipiga vizuri, kwa jinsi alivyofurahi. Ndipo dramu zikakoma nyuma yake. Akageuka, akamwona Mashimba amesimama, vijiti mkononi.

"Piga, we!" Aleksi akafoka. "Nani kakwambia uache?"

"Si kompyuta ndiyo itapiga?" Mashimba akauliza. Hakuwa na hasira usoni. "Jana asubuhi nilimpigia simu Iqbal, nikamuuliza Jumatatu nilete dramu saa ngapi. Akaniambia, dramu za nini? Wenzako hawajakwambia?"

Aleksi akafungua mdomo, akaufunga. Ni mara ya kwanza watu kuona mdomo ule ukifungwa.

Mashimba hakumtazama Aleksi hata kidogo. Alimtazama Mina. "Kwa huyu sikushangaa," akasema. "Wewe nilikusubiri uniambie. Nilisubiri jana Sengerema, nikasubiri njiani, na leo nimekuomba useme neno moja tu. Haya."

Akaweka vijiti juu ya kiti chake, akauvuka uwanja. Alipita pale katikati peke yake, mbele ya macho ya kijiji kizima, na watu wakaanza kupiga vigelegele kabla hajafika, kwa maana anayevuka vile huwa amesema yote. Mzee Chenge akampa ngoma. Muda si mrefu Mina akalisikia pigo lile likicheleweshwa, kidogo tu, na wanawake mia mbili wakaingia kwa pamoja bila kukosea. Vidole vyake vikajikunja vyenyewe kwenye nyuzi.

Ilikuwa hatua arobaini kufika kule. Aliziona zote. Miguu alikuwa nayo.

"Mwache aende, mshamba yule," Aleksi akasema. "Bendi ni mimi na wewe. Na Jumatatu unaimba." Mina akainama, akaanza kukunja nyaya.

Jumatatu aliimba, ndiyo. Haja yake aliipata yote. Iqbal, mtu mzima anayejua kazi yake na asiyependa maneno mengi, alimvisha spika za masikioni, akamfungia kwenye kachumba ka kuimbia, akaachia biti. Mina akaimba ubeti wa kwanza vizuri. Kilipokuja kiitikio, alisubiri ile pumzi. Biti ikampita. Wakarudia. Safari hii aliwahi. Wakarudia mara ya tano, mara ya nane, mara ya kumi na moja, na kila mara aliingia kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Dada, pale unasubiri nini?" Iqbal akauliza.

Mina akazirekebisha spika za masikioni.

"Basi usijisumbue. Nakuzimia biti, wewe imba maneno tu, kiitikio mara moja kinatosha. Nitakata, nitabandika mwenyewe."

Akaimba kwenye kimya, mara moja, dakika tatu zikaisha. Alipotoka nje ya kachumba, Iqbal alikuwa ameshamkatakata na kumpanga. Akawasikilizisha. Sauti ilikuwa ya Mina kweli, na iliingia pale pale ilipotakiwa, na kiitikio cha kwanza na cha nne vilikuwa kitu kimoja, mpaka kikohozi kidogo cha mwishoni. Mama yake alikuwamo mle ndani mahali fulani, amebandikwa.

Aleksi akapiga makofi. "Umeona?" akasema, akicheka mpaka akavua miwani. "Ningejua, hata wewe ningekutafutia mashine!"

Mina akatafuta dharau yake ya siku zote amtupie usoni, akaikosa. Akacheka. Alicheka kwa sauti, pamoja naye, na Aleksi akampigapiga begani kama mtu wa kwao.