Ndevu za Miezi Mitatu

"Kaka, hebu nipe yule dada wa mapokezi," mteja alisema kwenye simu.

Aliyeshika simu ndiye dada mwenyewe. Kwa miaka sita hapakuwa na mwingine kwenye meza ile. "Ametoka," akajibu, akakata simu.

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya kioo, wembe mkononi. Daktari alimwonya asinyoe wiki nzima, apate kuona nywele zimeota wapi na wapi. Siku sita alijifunga mtandio hadi puani akisingizia mafua. Leo ndiyo siku ya kurudi hospitali, lakini aliona aibu kutoka na ndevu zile.

"Nyoa, mwanangu, uende kazini," shangazi yake alisema, amempakata mjukuu wake mchanga. "Daktari wa nini? Ndevu kwetu ni urithi. Mimi hizi hapa, na mume nilipata, tena mbishi!"

Akacheka hadi mtoto naye akacheka. Mpwa wake hakucheka.

"Shangazi, zako zilianza lini?"

"Usichana wangu. Moja leo, nyingine mwakani. Zimefika shingoni nina wajukuu."

"Zangu zina miezi mitatu. Kidevu, kifua, mpaka tumbo. Hedhi imekatika. Na jana mteja kaniita kaka."

Kicheko cha shangazi kikafia njiani. Siku zote hizo alidhani ile sauti nzito ni mafua kweli.

"Sema tena."

"Kaniita kaka."

"Za ukoo haziji mbio hivyo, wala hazigusi sauti. Nami nimekukalisha hapa kwa maneno yangu!" Akamfunga mtoto mgongoni. "Weka wembe chini. Viatu vyangu viko wapi?"

Hospitalini daktari alikagua kidevu, kifua, mgongo na mapaja, akiandika bila kuinua macho. Kisha kipimo cha picha. Akaigeuza skrini ili mgonjwa naye aone.

"Ovari ya kushoto ina uvimbe. Nadhani ndio unaomwaga homoni za kiume."

"Ni mbaya?"

"Nitajua tukiutoa. Ila ni mdogo bado, na hujachelewa. Nywele zitapungua. Sauti siwezi kukuahidi. Kwa upasuaji, keshokutwa kuna nafasi moja, lakini kama mnataka kwanza kushauriana nyumba—"

"Tumeichukua," shangazi alisema.