Kiti cha Nagdhar

Kwa miaka kumi na mmoja Dola Ram hakukanyaga nyumbani kwa shemeji yake, isipokuwa alipokuwa mungu.

Dola Ram ndiye kiti cha Nagdhar, mungu wa kijiji chetu cha Sarogi. Nagdhar akitaka kusema na watu humpanda Dola Ram na kusema kwa kinywa chake. Kila mwaka, mwezi wa Jeth, theluji ikishabaki vileleni tu, tunambeba Nagdhar kwa machela yake mpaka Bhatoli, ng'ambo ya mto, kwenye sikukuu ya dada yake, Devi wa huko. Na tangu enzi za babu wa babu, akifika Bhatoli hutuliwa kwenye ua wa nyumba moja tu. Nyumba hiyo sasa ni ya Lot Ram. Lot Ram ni kaka wa Khimi, na Khimi ni mke wa Dola Ram.

Basi kila mwaka Dola Ram aliingia kwenye ua ule akitetemeka, nywele zimemwagika mabegani, akabariki ng'ombe wa Lot Ram mmoja mmoja, akapokea maua na mbuzi, akamwita Lot Ram "mwanangu". Mungu akishashuka, alivaa kofia yake, akatoka bila kuaga, akaenda kukaa juu ya ukuta wa mawe nje ya lango na kutafuna shayiri ya kukaanga aliyokuja nayo mfukoni. Harufu ya nyama ilimfuata pale pale ukutani. Alikuwa mtu wa msimamo.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa wali. Siku ya harusi ya Lot Ram, Dola Ram, mkwe wa nyumba, aliketishwa safu ya pili ya kula, na wali mtamu wa zabibu ulipofika safu ya pili, mpishi alikuwa anakwangua sufuria. Lot Ram aliapa kwamba ni kosa la mpishi. Dola Ram naye aliapa, mbele ya watu, kwamba yeye na mkewe hawatavuka tena kizingiti cha nyumba ile. Watu wa bondeni hugombania mashamba. Sisi huku mashamba yetu ni madogo kama mikeka, kwa hiyo tunagombania zamu ya kupakuliwa.

Mama yake Khimi alikuwa mtu wa akili. Kwa kuwa hakuna aliyeapa kuhusu daraja, yeye alishuka na fimbo yake mara moja kwa mwezi, na Khimi alishuka kutoka upande wetu, wakakaa kando ya daraja wakipasua kokwa za jozi na kusengenya mpaka jua ligeuke. Ilikwenda hivyo miaka yote. Kisha majira ya baridi yaliyopita bibi kizee aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo hakuinuka kitandani. Wachunga kondoo waliopita Sarogi walisema amebaki mifupa, na kila jioni anauliza kama Khimi amefika. Khimi alizipata habari hizo akiwa na mzigo wa kuni mgongoni. Aliutua, akalia, akaubeba tena.

"Baba Hari," alimwambia mumewe usiku ule ule, "mama anaondoka."

"Nimesikia."

"Niruhusu nikamwone."

"Nilisema neno mbele ya watu. Unataka nile matapishi yangu?"

"Kula unachotaka. Mimi nataka kumwona mama yangu."

Dola Ram aligeukia ukutani akavuta blanketi. Lakini asubuhi Khimi alimsikia kwenye ua wa nyuma akimuuliza mchunga kondoo, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya sufu, kama yule mzee wa Bhatoli anakunywa walau maziwa. Khimi alimjua mumewe. Moyo alikuwa nao, ila alikuwa ameuwekea kiapo mlangoni na sasa hakujua pa kupitia.

Siku ya sikukuu Khimi alivaa shali yake ya harusi akafuata machela. Wanawake wengine waliimba njia nzima, yeye hakuimba. Pale Bhatoli, Devi alitolewa kuja kumpokea kaka yake, wabebaji wakainamisha machela zote mbili mpaka sura za fedha za mungu na dada yake zikagusana mashavu, na wanawake wakalia kama ilivyo desturi. Khimi alilia kuliko wote, na si kwa ajili ya Devi. Alikuwa anaona hata miungu ina ruhusa ya kuwaona ndugu zao mara moja kwa mwaka.

Kwenye ua wa Lot Ram mambo yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote. Ngoma zililia, Nagdhar akampanda Dola Ram, kofia ikamdondoka kichwani ikabingirika mpaka kwenye samadi. Kofia ile hudondoka kila mara na Dola Ram hajui. Khimi ameifua kwa miaka kumi na tisa. Mtu mmoja aliuliza habari ya nyati wake wa maziwa aliyepotea akaambiwa atafute upande wa maporomoko. Mwingine aliuliza kama mvua ya mawe itaharibu tufaha akaambiwa aache kumpunja ndugu yake. Kisha mungu akashuka, Dola Ram akanywa maji, akapewa kofia yake, akaivaa na samadi yake.

"Haya, tumemaliza," alisema mzee Tikam, msimamizi wa mambo ya Nagdhar, ambaye magoti yalimuuma na alitaka kula.

Hapo Khimi akatoka kwenye kundi la wanawake. Alisimama nje ya kizingiti cha nyumba, unyayo wake usikiguse.

"Mzee Tikam, kuna swali."

"Mungu ameshashuka, mama Hari."

"Aitwe tena."

"Si basi linalopita kila saa, mama."

"Mwenye nyati aliyepotea mmemsikiliza. Mimi je?"

Wanawake wa Bhatoli wakaguna. Tikam alitazama magoti yake, akawapungia mkono wapiga ngoma. Dola Ram alimtazama mkewe mara moja tu. Kisha akafumba macho, akaanza kutetemeka. Na kabla nywele hazijamwagika, alivua kofia kwa mkono wake mwenyewe akaiweka taratibu kando ya goti, mahali pasipo na samadi.

Hakuna aliyeona jambo hilo. Watu walikuwa wanatazama nywele. Khimi peke yake aliiona kofia, akaelewa kwamba mungu hakuwamo. Aliyekaa pale mbele ya machela ni baba Hari mwenyewe. Alijiuliza kama aendelee. Kudanganya kwa jina la Nagdhar si jambo la mchezo. Mababu zetu walishikwa na upele kwa makosa madogo kuliko hayo. Kisha akamfikiria mama yake, akapiga magoti.

"Maharaja, mama yangu yumo ndani ya nyumba hii, anakufa. Kuna mtu amenikataza kuvuka kizingiti hiki, mwaka wa kumi na mmoja sasa. Nifanye nini?"

"Ni mtu gani huyo?" sauti ilinguruma.

Mpiga ngoma mmoja alikohoa. Watu wote wakamtazama mzee Tikam, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

"Ni... ni kiti chako, Maharaja."

"Aletwe mbele yangu!"

"Yupo, Maharaja. Umemkalia."

Mahali pengine watu wangecheka. Hapa palikuwa na mungu, kwa hiyo walijiuma midomo. Dola Ram alitetemeka kwa muda, kama anayetafakari.

"Basi mwambieni nikishashuka," alisema hatimaye. "Mwambieni hivi: mtu mzima hanuni kwa ajili ya wali! Kiapo chake nakifuta. Atavuka kizingiti hiki leo, na mkewe amtangulie. Naye mwenye nyumba yuko wapi?"

"Nipo, Maharaja." Lot Ram alikuja mbio akapiga magoti, mikono ameiunganisha kifuani.

"Mkwe wa nyumba huketishwa safu gani?"

"Ya kwanza, Maharaja. Nilikosa."

"Utapika wali mtamu. Atapakuliwa wa kwanza. Na zabibu ziwe nyingi."

Kwa miaka kumi na tisa Nagdhar hakuwahi kusema lolote juu ya zabibu. Khimi aliinamisha kichwa asionekane uso. Hakujua kama anataka kucheka au kumpiga mtu, na juu ya yote hayo alimpenda mumewe kuliko alivyompenda kwa miaka mingi.

Ilibaki desturi ya mwisho. Mwenye swali hupewa punje za mchele kiganjani, siwa zinapulizwa, na katika kelele hiyo mungu humnong'oneza neno sikioni. Hilo ni neno la mchele, na hulisikia mwenye swali peke yake. Dola Ram alimwinamia mkewe. Hakunong'ona kitu. Alipumua tu, na pumzi yake ilinuka shayiri ya kukaanga.

Kisha akashuka, yaani akaacha kutetemeka. Akafumbua macho, akaivaa kofia yake.

"Mungu amesema nini?" aliuliza, kama anavyouliza kila mara, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba kiti hakikumbuki.

Wakamweleza. Alishangaa sana. Alisema hakutegemea Nagdhar angejiingiza katika mambo ya watu, lakini amri ya mungu haipingwi. Khimi hakungoja amalize.

Chumba kilinuka moshi na dawa ya kuchua. Mama yake alikuwa amekuwa mdogo mno, amejikunja chini ya blanketi tatu, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Umechelewa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Umekuja kupita tu?"

Khimi aliketi ukingoni mwa kitanda. Machela ingeondoka kabla jua halijazama, na watu wa Sarogi wote wangeondoka nayo. Hilo ndilo lililoamriwa: avuke kizingiti leo. Kuhusu kesho hakuna aliyesema kitu. Bibi kizee aliushika mkono wa bintiye kwa vidole vyake vikavu, na hakuuachia. Walikaa hivyo. Nje walipika, wakala, wakacheka, ngoma zikaanza kukazwa upya kwa safari.

"Mama Hari!" Dola Ram aliita kutoka uani. "Jiandae, tunanyanyua!"

Khimi akavitoa vidole vya mama yake kimoja kimoja, akatoka akasimama mlangoni. Mumewe alikuwa amemaliza kula katika safu ya kwanza, kaka yake kando yake, na mzee Tikam na wabebaji wote wakisikiliza.

"Baba Hari, hukuniuliza neno la mchele."

Dola Ram aliacha kunawa.

"Neno gani?"

"Alilosema Nagdhar sikioni mwangu. Alisema nisirudi na machela. Nikae hapa mpaka mama mwenyewe aseme basi."

Watu wote walimgeukia Dola Ram. Maji yalimtiririka mpaka viwikoni.

"Una hakika alisema hivyo?"

"Kwani wewe unakumbuka alisemaje?"

Mzee Tikam alimtazama Dola Ram kwa makini sana.

"Mimi?" alisema Dola Ram. "Mimi hukumbuka wapi."

"Basi alisema hivyo."

Alikung'uta mikono polepole. "Na nyumbani nani atakamua ng'ombe?"

"Hilo nalo alilisema," alijibu Khimi, akaingia ndani kwa mama yake.