Injini Ilikuwa Imezimika

Mwalimu wa udereva alikuwa na somo moja alilolifundisha kwa raha isiyofichika: adhabu. Kila Jumatatu aliandika ubaoni kwamba dereva akishika simu injini ikiunguruma, hata kama gari limesimama kwenye taa, hulipa faini na kufungiwa leseni miezi sita. Kisha aliongeza kwa wino mwekundu kwamba gari la mafunzo lina madereva wawili, kwa kuwa mwalimu naye ana breki chini ya mguu wake. Wanafunzi waliona ni uonevu. Yeye aliona ni heshima.

Siku aliyokamatwa, usukani ulikuwa mikononi mwa mama mkwe wake.

Trafiki aliyegonga kioo alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, tena asiyesahau.

"Mwalimu! Simu mkononi, na madereva ni wawili, au siyo? Mimi ulinifelisha mara mbili kwa kioo cha pembeni."

"Afande, injini ilikuwa imezimika."

"Kila ninayemkamata injini yake ilikuwa imezimika."

Nyuma yao foleni ilipiga honi kwa umoja ambao mikutano ya hadhara haijawahi kuupata. Mwalimu alipiga hesabu ya miezi sita bila leseni, na bila kazi. Ushahidi wa kumwokoa alikuwa nao kiganjani, umekamilika. Tatizo ni kwamba ulikamilika kupita kiasi.

"Ujumbe wenyewe unathibitisha, afande. Nimemwandikia mke wangu. Shika, usome."

"Nishike simu katikati ya barabara? Soma wewe. Kwa sauti, honi zimenijaa masikioni."

Mwalimu alikohoa. Mama mkwe alitazama mbele, mikono kwenye usukani kama alivyofundishwa, hereni zimetulia tuli.

"'Mke wangu, mama yako amelizima tena gari kwenye taa. Hii ni mara ya nne. Anaikanyaga klachi kama anaua mende. Injini imekufa, na mimi naifuata.'"

Trafiki aligeuka kando, akaiweka sawa kofia yake kwa muda mrefu kuliko kofia yoyote inavyohitaji.

"Injini imekufa," alisema hatimaye. "Imeandikwa, na saa ipo. Leseni yako salama, mwalimu."

"Mara ya tano," alisema mama mkwe.

"Naam, mama?" aliuliza mwalimu.

"Ile ya pale kituo cha mafuta ulikuwa umefumba macho." Akamgeukia trafiki. "Mwanangu, sasa hivi injini inaunguruma?"

"Hapana, mama."

"Kwa hiyo nikishika simu sivunji sheria."

Trafiki alimtazama mwalimu wake wa zamani, bila haraka yoyote. "Huvunji, mama. Jisikie uko nyumbani."

Mama mkwe alivaa miwani, akatoa simu mkobani, akaanza kumwandikia binti yake kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Honi ziliendelea.

"Mkwe wangu," aliuliza bila kuinua macho, "umesema kama naua nini?"

"Mende, mama."