Mtaa Kichwa Chini

Mimi ni mpiga pasi wa mashuka ya hospitali. Ukinyoosha moja linakuja jingine, siku nenda siku rudi, yote meupe, yote sawa. Wenzangu husema hasira zangu ziko karibu. Hata wewe zingekuwa karibu kama dirisha pekee la chumba chako cha kazi limepigiliwa ubao na msimamizi, eti kwa sababu mnachungulia sana barabarani.

Kazi ikiisha nakimbia nyumbani kwa mama. Mama alianguka akavunjika nyonga, na tangu hapo hajanyanyuka. Kumgeuza tu ni kilio. Dirisha la chumba chake linatazama barabara, lakini liko juu mno kwa mtu aliyelala. Haoni ila waya wa umeme na kipande cha mbingu. Namwosha, namlisha, nalala, naamka, namwosha, nakimbia kazini. Na huyu alikuwa muuza vitambaa wa barabarani, aliyemjua kila mpita njia kwa mwendo wake! Wiki ile alianza kukataa chakula. Vijiko viwili, anafumba mdomo.

"Nimekufunga miguu, mwanangu," aliniambia. "Niache nimalize safari."

Nilimfokea, kisha nikaenda kulia jikoni.

Kesho yake mchana kweupe umeme ukakatika kazini. Taa zikazimika, pasi zikaanza kupoa. Mwenzangu, mzee tunayemwita Kola kwa vile hupiga pasi makoti ya madaktari na hana msamaha na kola iliyokunjika, akafunga mlango ili msimamizi asitukute tumekaa bure. Giza likajaa. Nikageuka kutafuta pa kuketi.

Kwenye shuka nililokuwa nimelitundika, mtu alikuwa akitembea. Kichwa chini, miguu juu. Nyuma yake ikaja baiskeli, magurudumu yakizunguka juu kabisa, kisha mwanamke mwenye mwavuli mwekundu, wekundu wa kweli, si wa picha. Mbingu ilikuwa chini, karibu na pindo la shuka, na wingu lilipita humo taratibu. Hakuna sauti hata moja. Mtaa mzima ulikuwa unatembea kimya juu ya shuka langu.

"Dada," Kola akanong'ona, "unaona ninachokiona, au ni hivi vidonge vyangu vya presha?"

"Naona."

"Basi tumeshakufa wote wawili."

"Tumekufaje na miguu inaniuma hivi?"

Nilikwenda mpaka kwenye ubao. Msumari mmoja ulikuwa umedondoka, na katika tundu lake kulikuwa na mwanga. Nikaliziba kwa kidole: mtaa ukatoweka. Nikaachia: ukarudi, na mwavuli ulikuwa umeshasogea. Nikaziba tena, nikaachia tena. Jua lote lile, watu wote wale, walikuwa wanapenya kwenye tundu la msumari! Na sisi tulikuwa tunawasha taa kila asubuhi na kuwafuta.

Kola alivua kofia yake. "Kweli, kuishi kwingi ni kuona mengi," akasema. Tuliketi sakafuni tukitazama mpaka umeme uliporudi na shuka likawa shuka tu.

Jumapili niliomba maboksi dukani, nikaanza kuziba dirisha la mama.

"Unanizika kabla sijafa?"

"Nyamaza kidogo, mama."

"Loo! Mtoto anamnyamazisha mama yake!"

Nikapachika na blanketi penye mianya, kisha nikatoboa boksi kwa msumari. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Nikashika ukingo wa kitanda, nikiomba. Macho yalipozoea giza, ukuta ukaanza kushika rangi, na barabara ikajitandaza juu, hadi darini, pale pale macho ya mama yalipokuwa yakilala kila siku.

Mama alikodoa macho darini. Niliogopa nimemtisha.

"Yule fundi viatu," akasema hatimaye. "Anavyochechemea. Hata akigeuzwa namjua." Akatazama tena. "Na yule je, mbona yuko kichwa chini na gauni lake haliporomoki?" Akacheka hadi akajishika nyonga, akalia kwa maumivu, akaendelea kucheka. Sijawahi kushuhudia kitu kikubwa kuliko uso ule gizani. Akafungua mdomo, nikamlisha, na hakuwa hata anatazama kijiko. Bakuli likaisha.

"Sasa toka nje," akasema. "Nataka kukuona wewe."

Nikatoka, nikasimama juani, mtu mzima mimi na kandambili zangu, nikapunga mkono kuelekea kwenye boksi. Majirani wakanikodolea macho.

"Ruka!" Sauti ile ya kuitia wateja ikapenya dirishani.

Nikaruka. Ndani nikasikia kicheko. Nikaruka tena, juu zaidi, na wala sikujali nani anatazama.

"Sasa nenda!"

"Niende wapi?"

"Popote! Nenda taratibu nikuone unavyokwenda. Miaka yote hii nakusikia ukikimbia tu kuja!"

Nikaanza kutembea. Sikuwa na ndoo, wala mfuko, wala haraka, na sikujua mikono mitupu huwekwa wapi. Jua lilinipiga shingoni. Fundi viatu akanisalimia, nikamwitikia nikasimama, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu mama aanguke. Nilipofika kwenye kona, nikajua nikipiga hatua moja zaidi nitatoka ukutani kwake. Miguu ikageukia nyumbani yenyewe, kwa mazoea.

"Usirudi bado!" mama akapaza sauti kutoka mbali.

Nikakata kona.