Hesabu za Mahari

Bango lilikuwa limeshatundikwa ukumbini nilipolisoma, damu ikanipanda kichwani. HONGERA PROFESA GAHONGAYIRE, MAMA WA HESABU ZA MAHARI.

Dada yangu ametumia maisha yake yote kutafiti mahali: nini kinabaki vilevile mahali panapovutwa, panapokunjwa, panapopindwa. Wanahisabati wa ng'ambo wamejenga kazi zao juu ya yake. Leo Kigali inamtunuku, na kwa kuwa kuna wageni kutoka Tanzania, bango likaandikwa Kiswahili. Sisi na r zetu na l zetu!

"Silvère, hii nini?" nikamuuliza mwandaaji wa sherehe.

"Ni kosa ya herufi moja tu, mama Cécile. Watu watajua."

"Lishusheni."

"Wageni iko mulango, mama. Hakuna muda."

Herufi moja! Angejua. Buyenzi, kule Bujumbura tulikokulia, baba alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mahari Gahongayire alipotoroka kwenda kusoma. Baba akawarudisha kwa aibu, na hakumsemesha tena hadi kufa. Sasa dada amezeeka, kumbukumbu zinamtoka. Kuna asubuhi ananiita mama. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Miaka yote hii walikuwa wapi hawa wanaomtunuku leo? Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu: apande jukwaani, aseme asante, ashuke na heshima yake.

Akapanda. Akapewa tuzo. Akageuka, akalisoma bango polepole, midomo ikimcheza. Kisha akamtazama profesa mzee aliyemkabidhi tuzo.

"Baba," akasema kwenye maikrofoni, "warudishie ng'ombe zao. Mimi bado nasoma."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu wakasimama, wakapiga makofi, wakidhani ni utani wa msomi. Silvère akanikonyeza kwa furaha. Nilitamani kumzaba kofi.

Dada hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na macho yake hayakumbanduka yule mzee, akisubiri jibu. Mzee wa watu anatabasamu tu.

Nikapanda jukwaani, nikamshika mkono.

"Baba amekubali," nikamnong'oneza.

"Amesema? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Amesema usome."

Akaniwekea tuzo mikononi, akafuta machozi, akauliza vitabu vyake viko wapi.