Boga na Ua Lake

Alianza na mkono wa kushoto, maana ndio uliokakamaa. Aliupenyeza shatini kama anayemvisha mtoto, akaweka kola sawa, akamfunga mumewe vifungo mpaka shingoni. Leo hakumtolea fulana ya kushindia. Alikuwa amelipiga pasi shati la bluu, lile ambalo mume alilivaa kila alipoaga kwamba anaenda kikaoni.

"Dada, tunaenda wapi?" aliuliza mume. Siku hizi alimwita dada, kana kwamba wamekutana kwenye foleni ya hospitali.

"Kikaoni."

Kwa miaka mingi kikao hicho kilikuwa na nyusi za kuchora na saluni mtaa wa pili. Mke alikuwa wa mwisho kuambiwa na wa kwanza kuchekwa. Ugonjwa ulipoanza kumla mume akili, mwenye saluni alizima simu, na mzigo ukarudi kwa mwenyewe. Mke alimeza, ila kilichomezwa hakikushuka.

Saluni ilikuwa imefurika wateja. Alimsimamisha mumewe katikati, mbele ya vioo, akapaza sauti imfikie hata aliye chini ya mashine ya kukaushia nywele.

"Ulipenda boga, bibie. Ua lake hili hapa."

Mume alimtazama mwenye saluni, asimtambue. "Mbona huyu mama ananikodolea macho?" alinong'ona.

Mke aliusikia utamu ukimshuka kooni. Mara suruali ya mume ikalowa, maji yakachuruzika hadi sakafuni. Mteja mmoja akaangua kicheko. Mke hakuinua hata kidole.

Mwenye saluni alisimama, rangi imemtoka. Kisha akachukua kile kitambaa wanachofungwa wateja shingoni, akamsitiri nacho mgonjwa kiunoni, akapiga magoti na taulo. Akaanza kuufungua mkanda.

"Unayafanya haya peke yako?" aliuliza, macho chini.

"Na nani tena?"

"Kila siku?"

Tusi alilolinoa tangu alfajiri lilikuwa tayari ulimini. Lakini swali hilo hakuwahi kuulizwa, si na mawifi, si na wanawe wa kuwazaa. Mke alijikuta amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba kaupakata.

"Usimvute," alisema, sauti bado kavu. "Ukimvuta, atakupiga."