Mkono Chini ya Vanishi

Fundi wa kupaka kuta, Bi. Ok Gyeong-ran, aligawa kona ya ukuta kwa utepe wa karatasi, akapata vipande vitatu vya majaribio: kimoja cha vanishi, kimoja cha mafuta ya kitani, kimoja cha nta. Bosi Pyo alikuwa anaigeuza karakana yake ya vyuma katika mtaa wa Mullae kuwa mkahawa, na alitaka ukuta wa chuma ubaki mtupu, usipakwe rangi, ila usishike kutu. Vijana wa Seoul siku hizi wanapenda kunywa kahawa mahali ambapo baba zao walitokwa jasho. Gyeong-ran alikuwa amekipiga chuma msasa, akakifuta kwa spiriti, na hakukigusa bila glavu. Hata kimbap yake, wali uliovingirishwa kwa mwani, aliilia nje. Jasho la kidole likibaki chini ya mpako, kutu huota palepale palipoguswa.

Asubuhi iliyofuata, chini ya vanishi palikuwa na kiganja cha kutu, cha mkono wa kushoto. Kilikuwa na vidole vitatu.

"Kaka," alisema Gyeong-ran akivuta kigoda, "umefika."

Kaka yake, Seung-tae, alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita. Mashine ya kukata mabamba ilimla vidole viwili katika karakana hiyohiyo, na Bosi Pyo akawaambia wakaguzi kwamba mtu huyo hakuwa mfanyakazi, alipita tu kusalimia. Seung-tae hakutaka makuu. Hadi anakata roho alitaka Pyo atamke kwamba alifanya kazi pale, basi. Sasa dada yake ndiye aliyebaki akilitaka neno hilo, na ndiyo maana aliikubali kazi hii. Pyo hakuwa na habari kwamba fundi huyu ni dada wa nani.

Gyeong-ran alikaa akitazama vipande vyake kwa hamu ya kujua, na mkono ukajitokeza kwenye vyote vitatu. Kwenye vanishi mkono ulionekana vizuri lakini haukucheza, kama samaki aliyegandishwa. Kwenye mafuta ulihamahama, ukajaa vumbi. Kwenye nta ulitokea juujuu, wenye vuguvugu, ukafifia, kisha ukarudi alipomaliza kunywa chai yake ya shayiri.

Alimwita Mzee Namgung, mchonga vyuma wa karakana jirani, aje aangalie.

"Wewe ungempaka nini?"

"Seung-tae? Vanishi hataiweza. Yule hata kifungo cha shati kilikuwa kinamkaba!" Mzee akainama akachungulia. "Halafu vanishi ikichubuka, kutu inatambaa chini kwa chini, huikamati. Nta, dada. Ila nta lazima urudierudie kuipaka."

"Nitarudia. Kwani nina safari?"

Akapaka nta ukuta mzima. Mkono ukahamia katikati, kwenye usawa wa kifua cha mtu, ukatulia hapo.

Bosi Pyo alipokuja kukagua, Namgung alikuwa bado mlangoni na kipande chake cha ngisi mkavu mdomoni. Pyo alisimama mbele ya ukuta, akashika kiuno.

"Huyu naye! Nilimwambia mara ngapi avae glavu?"

"Ulimwambia wapi, Bosi?" aliuliza Gyeong-ran.

"Si hapahapa, kwenye mashine!"

Namgung aliacha kutafuna. Pyo akakohoa, akatengeneza kola yake.

"Lakini hakuwahi kufanya kazi hapa."

"Bosi, si umesema mwenyewe sasa hivi?"

"Mama, wewe maliza nta yako. Huo mkono uache, unapendeza."

Hasira zilimpanda Gyeong-ran hadi masikio yakamwaka. Msasa ulikuwa karibu, na angeweza kuukwangua ukuta wote ukabaki kama alivyoukuta. Lakini angekuwa anamkwangua kaka yake. Akachukua kitambaa laini, akasugua taratibu kuzunguka vile vidole mpaka vikang'aa.

Mkahawa umefunguliwa, na biashara ni nzuri. Kila nta inapochakaa Gyeong-ran huja kuirudia, akipita katikati ya wateja waliopanga foleni kupiga picha. Kila mmoja huweka kiganja juu ya ule mkono, na hukunja vidole viwili ili kilingane nao. Wakiuliza ni mkono wa nani, Bosi Pyo huwajibu kwa upole kwamba si wa mtu yeyote.